Kiuno sugu: ukandwe, uchomwe sindano au upewe mazoezi?

Fundi cherehani mmoja wa Kariakoo alinijia kafunga mkanda mpana kiunoni juu ya dera, umekazwa hadi anapumulia juu juu. Kiuno kilikuwa kimemsumbua miezi 14. Bibi wa mtaani kwao alishamchua kwa mafuta ya nazi, hijama alishapiga mara mbili, na hospitali walishampa karatasi ya mazoezi ambayo, alikiri bila aibu, aliikatia patani ya kola. Juzi jirani yake wa fremu kamwambia shida si mfupa wala diski, ni fashia, na kuna kliniki wanaikanda.

"Dokta," akaniambia, "hela ya kujaribu kote sina. Niende wapi?"

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, wale mnaotuita madaktari wa mazoezi, kwa hiyo mnaweza kubahatisha ninakovutia. Hapa nimejaribu kuipa kila njia haki yake, hata zile ambazo kazini kwetu tunazitania.

Utando wenyewe ni nini

Simama buchani utazame steki. Juu ya mnofu kuna utando mweupe unaong'aa, mwembamba kama mfuko wa nailoni, unaokataa kisu. Mpika mishikaki huubandua kwanza kwa sababu hautafuniki. Huo ndio fashia. Mwilini mwako umeufunika kila msuli, na kiunoni umekuwa karatasi nene yenye umbo la kishada, inayounganisha msuli mpana unaoanzia kwapani na misuli ya makalio. Ndiyo maana ukivuta ndoo ya kisima kwa mkono wa kulia, kalio la kushoto nalo linajibu.

Karatasi hiyo ina matabaka, na kati yake kuna ute unaoyafanya yateleze. Mwaka 2009 mtafiti Helene Langevin na wenzake, Marekani, walipima kwa ultrasound wakakuta kwamba kwa wenye maumivu sugu ya kiuno tishu hiyo ni nene kwa takriban asilimia 25 zaidi ya wasioumwa. Mwaka 2011 wakakuta matabaka yao yanateleza pungufu kwa kama asilimia 20. Habari nzito hiyo, na watu wa fashia wana haki ya kuitaja. Ila vipimo hivyo havisemi kipi kilianza: utando ulikakamaa kiuno kikauma, au kiuno kiliuma mtu akaacha kuinama, utando ukakakamaa kwa kukaa bure?

Halafu kuna hesabu za mwaka 2008 za Hans Chaudhry na wenzake, waliotaka kujua mkono wa mtu unahitaji nguvu kiasi gani kubadilisha umbo la fashia nene ya paja au ya unyayo. Jibu: hata kuibonyeza au kuiteleza kwa asilimia 1 tu kunadai nguvu kuliko mkono wa kawaida unavyoweza. Mmoja wa waandishi alikuwa Robert Schleip wa Ujerumani, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya kukanda fashia. Uungwana huo si wa kila mtu. Basi ukiambiwa "tunaivunja" au "tunaiyeyusha", sikiliza kwa sikio moja. Nafuu ipo, lakini inaelekea zaidi kupita kwenye mishipa ya fahamu, ambayo utando huo umejaa, kuliko kwenye kunyoosha utando wenyewe.

Kwanza hakikisha unastahili kuchagua

Makala hii ni ya maumivu yaliyozidi wiki 12, yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake, na hayo ndiyo mengi mno. Kama kuna ganzi sehemu unayokalia, mkojo au haja kubwa inakataa au inatoka yenyewe, mguu unalegea, homa na jasho la usiku, uzito unapungua, uliwahi kuwa na saratani, au maumivu yalianza baada ya kuanguka, acha kusoma nenda hospitali. Kwetu huku TB ya uti wa mgongo bado ipo, na nimeona mgongo wa namna hiyo umekandwa miezi kabla mtu hajafikiria kupiga picha.

Picha nayo usiiogope kupita kiasi. Mapitio ya mwaka 2015 ya watu wasio na maumivu yoyote yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. "Diski imechakaa" kwenye ripoti mara nyingi ni kama kuandikiwa una mvi.

Nitapima kwa nini

Kila njia nitaiuliza maswali matano: siku yenyewe ikoje, ushahidi unasemaje, muda na mfuko, hatari, na la tano ambalo nimeliongeza mwenyewe baada ya miaka ya kuona watu wanarudi: ukikosa kwenda wiki mbili, unabaki na nini? Mvua imekata barabara, hela imekwisha, mtoto anaumwa. Wiki mbili za namna hiyo zipo kwa kila mtu.

Njia ya kwanza: mkono juu ya fashia

*Siku yenyewe.* Unalala kifudifudi. Mtaalamu anaweka kiganja, konzi au kiwiko, anazama taratibu mpaka akutane na ukinzani, kisha anangoja hapo dakika moja na nusu, mbili, wakati mwingine tano. Hapaki mafuta, maana akipaka ngozi itateleza asiushike utando. Wagonjwa wangu waliozoea bibi mchuaji hushangaa: "Sasa mafuta yako wapi?" Kuna mtindo wa Mwitaliano Luigi Stecco ambao hausuguliwi pale panapouma tu, hutafutwa vituo maalumu, labda kwenye paja au ubavuni, vikasuguliwa kwa nguvu dakika kadhaa kila kimoja. Huo unauma kweli. Mtu hutoa machozi kisha akainama akagusa vidole vya miguu akicheka.

*Ushahidi.* Unasaidia kiasi, kwa muda. Jaribio moja la Hispania la mwaka 2017 liliwapa watu 54 ama mahudhurio manne ya dakika 40 ya kukandwa fashia, ama ya kuigizia. Waliokandwa walipata nafuu zaidi, lakini nafuu ndogo, na watafiti wenyewe walisita kusema kama ingeonekana kwenye maisha ya kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa Desemba 2023 umeiweka masaji kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kutolewa. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 unakubali tiba ya mikono ila ikiwa imefungwa pamoja na mazoezi, haisimami peke yake.

*Muda na mfuko.* Hapa ndipo panapobana. Kila nafuu inahitaji mtu mwingine, kitanda, nusu saa yake na nauli yako. Uliza mapema bima yako inalipa mahudhurio mangapi.

*Hatari.* Ndogo. Uchungu wa siku moja mbili, alama nyekundu. Mwenye mifupa dhaifu, damu iliyoganda mguuni au anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme kabla.

*Ukikosa wiki mbili.* Unabaki na kumbukumbu. Nasema hivyo bila kejeli: kumbukumbu ya kiuno kilichoinama bila kuuma ina thamani, kama utaitumia.

*Anayefaa.* Aliyekakamaa kwa hofu, ambaye hata kulala kifudifudi anaogopa. Mtu huyo ukimpa mazoezi siku ya kwanza atatoroka. Pia aliyefiwa, aliyechoka, asiyelala. Mkono wa binadamu una kazi ambayo vipimo vyetu havijui kuipima vizuri.

Kuhusu rola ya kujisugulia sakafuni: ni mkono wa maskini, wala si tusi. Dakika mbili za makalio na mapaja kabla ya mazoezi zinatosha. Kiunoni kwenyewe haikai vizuri. Mpira wa tenisi ukutani unafanya kazi hiyo hiyo.

Njia ya pili: sindano kavu na vikombe

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote hulenga kushtua sehemu iliyokaza, ingawa asili zao ziko mbali.

*Siku yenyewe.* Sindano kavu haina dawa ndani. Ni nyembamba kama ya tiba ya Kichina, inaingizwa kwenye fundo la msuli mpaka msuli uruke mara moja kama samaki aliyeguswa. Baada ya hapo unahisi kama umepigwa ngumi. Vikombe wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa: wazee wetu waliumika kwa pembe ya ng'ombe, leo ni vya plastiki vyenye pampu. Vikavu hunyonya ngozi tu. Hijama yenyewe huchanjwa kwa wembe damu itoke.

*Ushahidi.* WHO katika mwongozo ule ule inakubali tiba za sindano, kwa sharti la kwamba uhakika ni mdogo. Vikombe vina majaribio mengi madogo, na shida yake kubwa ni kwamba huwezi kumficha mtu kama kapigwa kikombe au la. Anayepiga hijama tarehe 17, 19 au 21 za mwezi mwandamo kwa kufuata suna ana sababu yake nje ya mizani yangu, na simwingilii. Ninachopima hapa ni kiuno.

*Muda na mfuko.* Sindano zipo zaidi kwenye kliniki binafsi za mijini. Vikombe utavipata karibu kila mtaa wa pwani, kwa bei ya kuelewana.

*Hatari.* Hapa nitakuwa mkali. Sindano itoke kwenye pakiti mbele ya macho yako, na wembe vilevile. Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI havibagui nia njema. Sindano ikipanda juu kwenye mbavu inaweza kutoboa mapafu, kwa hiyo mikono iwe ya mtu aliyesomea. Mwenye selimundu, upungufu wa damu, mjamzito au anayetumia dawa za kuyeyusha damu asichanjwe kabla ya kuzungumza na daktari wake.

*Ukikosa wiki mbili.* Alama za duara mgongoni.

*Anayefaa.* Mwenye fundo moja analoweza kulionyesha kwa kidole, aliyekwama katikati ya mazoezi, asiyeogopa sindano.

Njia ya tatu: mazoezi

Neno hili limechosha watu kwa sababu tunalitumia kwa vitu vitatu tofauti.

*Siku yenyewe.* Kuna mazoezi ya mwelekeo, ya Robin McKenzie wa New Zealand. Mwenyewe alikuwa akisimulia kuwa mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja alilala kwa bahati mbaya kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, kiuno kimepinda kwa nyuma, na maumivu ya mguu yakamwisha. Ukienda kwa mtu wa mtindo huu atakuinamisha na kukukunjua mara nyingi akitafuta upande unaoyarudisha maumivu kutoka mguuni kuja kiunoni. Yakirudi katikati, hata kama kiuno kinauma zaidi, ni dalili njema. Kisha unapewa zoezi moja tu, kwa mfano kulala kifudifudi mkekani na kusukuma kifua juu kwa mikono, kiuno kikibaki chini, mara 10, kila baada ya saa mbili tatu.

Kuna mazoezi ya nguvu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hakuna anayekuuliza kama kiuno chako kiko tayari kwayo. Mimi huanza na dumu la lita 5, linawekwa juu ya kiti, linainuliwa na kurudishwa. Wiki ya pili linashuka kwenye stuli, ya nne liko chini sakafuni, ya sita kuna dumu kila mkono. Mwanamume mmoja, kuli wa sokoni, aliliona dumu akanicheka usoni. Siku hiyo hiyo niligundua anainua magunia lakini haokoti sarafu. Mwaka mzima alikuwa hajainama bila kushika meza.

Na kuna kutembea, ambako watu hawakuhesabu kuwa tiba.

*Ushahidi.* Ndio mzito kuliko wa wengine, na bado si wa miujiza. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 249: ukilinganisha na kutotibiwa au huduma ya kawaida, mazoezi hupunguza maumivu kwa kama pointi 15 kati ya 100. Pilates, yaani mazoezi ya taratibu ya kuimarisha kiwiliwili, na McKenzie vilionekana kuzidi kidogo mazoezi mengine. Kuhusu kutembea, jaribio la Australia lililotoka 2024 lilichukua watu 701 ambao kiuno kilikuwa kimetoka kupona. Waliofundishwa kutembea taratibu hadi dakika 30, siku tano kwa wiki, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla ya kiuno kurudi. Wasiofundishwa, siku 112. Angalia vizuri: hiyo ni kuzuia kisirudi, wala haikujaribiwa kwa aliyelala chini hawezi kugeuka.

*Muda na mfuko.* Mahudhurio machache, kazi nyingi nyumbani. Kinachogharimu ni alfajiri yako. Kwa mama anayeamka saa kumi kuchoma vitumbua, "fanya dakika 20 kila asubuhi" ni sentensi ya mtu asiyemjua.

*Hatari.* Kuuma zaidi wiki mbili za mwanzo. Kanuni ninayotumia: yakipanda wakati wa zoezi yakawa yameshuka kesho yake asubuhi, endelea, yasiposhuka, punguza nusu, usiache.

*Ukikosa wiki mbili.* Unabaki na zoezi lenyewe. Hata usipolifanya, unalijua.

*Anayefaa.* Karibu kila mtu, isipokuwa wengi hawako tayari siku wanayopewa. Ikiwa karatasi ya mazoezi imekatiwa kola, huenda kosa halikuwa la fundi.

Njia ya nne: kuzoeza mwendo na fikra pamoja

*Siku yenyewe.* Mazungumzo marefu kwanza. Unaogopa nini? Nani alikwambia mgongo wako "umeoza"? Kisha unafanya kile kile unachokikwepa, kuinama, kukaa chini kwenye jamvi, kusujudu, ukifundishwa kulegeza tumbo na kupumua badala ya kujikaza. Haraka haraka inafanana na maongezi tu. Ukikaa ndani utaona jasho.

*Ushahidi.* Jaribio la Australia la 2023 lenye watu 492, wengi wakiwa na maumivu ya miaka, lilionyesha kwamba mahudhurio hadi saba ndani ya wiki 12, na moja la kukumbushia baadaye, yalipunguza ulemavu kwa kiasi kikubwa, na nafuu ilikuwepo bado baada ya mwaka. Kwa kiuno sugu hayo ni matokeo adimu.

*Muda na mfuko.* Usitegemee kuipata hospitali ya wilaya kwa jina hilo. Lakini mtaalamu anayekuuliza unaogopa nini kabla ya kukugusa tayari yuko njiani.

*Hatari.* Mtu kutoka na hisia kwamba ameambiwa maumivu yako kichwani. Hayako kichwani. Mtaalamu mzembe anaweza kuharibu hapa kuliko kwa sindano.

*Ukikosa wiki mbili.* Unabaki na akili iliyobadilika, kama ilibadilika.

*Anayefaa.* Aliyezunguka kote, ana picha tatu za MRI na majibu manne tofauti.

Basi, kwa hali yako

Kama maumivu yanashuka mguuni na yanabadilika ukikaa au ukisimama, anza na mtu wa mazoezi ya mwelekeo. Mahudhurio mawili matatu yanatosha kujua kama yatarudi katikati. Kama kiuno kimekaza hata kugeuka kitandani ni kazi, anza na mkono, ila muulize mtaalamu siku ile ile: "Nikitoka hapa, nifanye nini nyumbani?" Akikujibu "Njoo Alhamisi" tu, tafuta mwingine.

Bodaboda anayekaa kwenye tanki kutwa kucha: kutembea na madumu, na kushuka kwenye pikipiki kati ya abiria na abiria. Hela kidogo na kliniki mbali: mahudhurio mawili ya kufundishwa, mengine nyumbani, na mpigie simu mtaalamu wiki ya tatu, maana ndipo watu wanapoacha. Unaipenda hijama na inakulegeza? Piga, wembe mpya, kisha siku mbili zinazofuata ambazo kiuno ni chepesi ndizo za kuongeza dakika za kutembea. Mwaka wa tano, umechoka na kila mtu: njia ya nne, au angalau mtu atakayekusikiliza nusu saa.

Ukichagua, ipe wiki sita, na pima kwa kitu unachokifanya badala ya maumivu peke yake: unakaa dakika ngapi kabla ya kubadilisha upande, unaokota nini sakafuni, unalala saa ngapi. Andika siku ya kwanza, andika ya 42.

Mkanda? WHO haiupendekezi kwa maumivu sugu, sawa na mashine za kuvuta mgongo. Yule fundi nilimwambia auvue kwa saa moja kwa siku, kisha mbili. Tulianza na mkono mara mbili, kwa sababu kifudifudi aliogopa. Kiti chake tulikiinua kwa mto, na jioni anatembea kutoka Kariakoo, anavuka Jangwani mpaka Magomeni Mapipa ndipo apande gari. Ijumaa yenye oda za harusi kiuno bado kinauma. Karatasi ya mazoezi nilimwandikia upya, mazoezi mawili tu, na safari hii nimeilaminisha.